Kutoka Sura hadi Uzao: Historia ya Familia za Nondo katika Sayansi

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili huzoea mapema jambo moja linalowatatiza wageni wa lugha hii. Neno kiwavi, kwa umbo lake, limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kisu. Hata hivyo, katika Kiswahili sanifu hatusemi "kiwavi hiki kinakula majani", bali "kiwavi huyu anakula majani". Kiambishi cha mwanzo kinatuelekeza upande mmoja, na upatanisho wa kisarufi unatuelekeza upande mwingine. Kwa hiyo wanaisimu wamejadiliana kwa muda mrefu juu ya msingi wa kuainisha nomino: je, tufuate umbo la neno, maana yake, au upatanisho wake ndani ya sentensi?

Swali la aina hiyohiyo limewashughulisha wataalamu wa wadudu waliotaka kumwainisha kiwavi mwenyewe, pamoja na nondo anayetokana naye. Je, nondo wapangwe kwa sura ya mabawa, kwa mwenendo wa viwavi wao, kwa viungo vilivyofichika ndani ya mwili, au kwa asili yao? Majibu yamebadilika mara nyingi katika muda wa miaka 260 na zaidi, na kila badiliko limehamisha maelfu ya spishi kutoka familia moja hadi nyingine.

Katika makala haya tunakusudia kufuata historia hiyo hatua kwa hatua, kisha kuuliza ina maana gani kwetu katika nchi ambamo viwavi ni chakula sokoni na ni adui shambani. Tutatumia istilahi zilizokwisha kuzoeleka katika vitabu vya biolojia vya Kiswahili: spishi, jenasi inayokusanya spishi zilizo karibu, familia inayokusanya jenasi, na oda inayokusanya familia. Nondo na vipepeo wote wamo katika oda moja, Lepidoptera, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya magamba na mabawa. Maana unga unaobaki vidoleni tunapomshika nondo ni magamba madogo sana yanayofunika mabawa yake.

1. Mafungu ya Linnaeus

Kabla ya kuainisha ilibidi kwanza kutambua kwamba kiwavi na nondo ni mnyama mmoja. Katika kazi hiyo hatuna budi kumtaja Maria Sibylla Merian (1647-1717), mchoraji wa Ujerumani, ambaye mwaka 1679 alitoa kitabu cha viwavi na mabadiliko yao. Mwaka 1699 alisafiri hadi Surinam pamoja na binti yake, na mwaka 1705 akachapisha picha za wadudu wa nchi ile. Desturi yake ilikuwa kuchora katika ukurasa mmoja kiwavi, pupa, mdudu mzima na mmea unaoliwa. Hakuunda mfumo wa uainishaji, lakini aliwaachia waliomfuata maisha kamili ya mdudu badala ya mzoga wake tu.

Mfumo wenyewe uliletwa na Carl Linnaeus wa Uswidi. Katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, lililotoka mwaka 1758, aliigawa Lepidoptera katika jenasi tatu tu. Papilio walikuwa vipepeo wa mchana, wenye vipapasio vinavyovimba kwenye ncha. Sphinx walikuwa nondo wenye miili minene, ambao vipapasio vyao hunenepa katikati. Waliobaki wote, yaani umati mkubwa wa nondo, aliwatia katika jenasi moja, Phalaena.

Kwa kuwa umati huo ulikuwa mkubwa mno, aliugawa tena katika mafungu saba: Bombyces, Noctuae, Geometrae, Tortrices, Pyralides, Tineae na Alucitae. Vigezo vyake vilikuwa vyepesi kuonekana: umbo la vipapasio, na jinsi nondo anavyoyaweka mabawa yake anapotua. Geometrae huyatandaza kando. Tineae huyakunja hadi kukaribia kuwa kama bomba. Alucitae wana mabawa yaliyopasuka kama vidole. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya mafungu Linnaeus aliyapa majina ya spishi mwisho mmoja: -ana kwa Tortrices, -alis kwa Pyralides, -ella kwa Tineae. Aliyesikia jina tu aliweza kujua fungu la nondo huyo, kama vile sisi tunaposikia kiambishi m- au ki- tunavyoanza kukisia ngeli.

Utaratibu huo ulidumu kwa sababu ulitumika kwa urahisi, na majina yote saba yangali yakisikika katika majina ya familia za leo: Bombycidae, Noctuidae, Geometridae, Tortricidae, Pyralidae, Tineidae na Alucitidae. Lakini tuangalie vizuri namna Phalaena ilivyopatikana. Haikuwa na sifa yake yenyewe. Ilikuwa mkusanyo wa wote wasiokuwa Papilio wala Sphinx. Kundi lililoundwa kwa kukosa sifa ni kundi la mabaki. Kasoro hiyo itaonekana tena na tena katika historia hii.

2. Familia: jina lililotangulia maana yake

Linnaeus hakutumia daraja la familia katika kuwapanga wanyama. Hatua ya kwanza kwa upande wa nondo ilipigwa mjini Vienna, ambako Michael Denis na Ignaz Schiffermüller, walimu katika chuo cha Theresianum, walitoa mwaka 1775 orodha ya vipepeo na nondo wa viunga vya mji ule. Wao waliyapanga makundi yao kwa kuzingatia sana viwavi: wenye manyoya na wasio na manyoya, wanaotembea kwa miguu yote na wanaojikunja kama mtu anayepima kwa shubiri. Kwa bahati mbaya, mkusanyo wa vielelezo vyao uliteketea kwa moto mwaka 1848, wakati wa mapinduzi yaliyoutikisa mji huo. Tangu hapo wataalamu wamelazimika kubishana juu ya majina kadhaa ambayo ushahidi wake uligeuka majivu.

Aliyeifanya familia kuwa daraja la kawaida katika elimu ya wadudu ni Mfaransa Pierre André Latreille (1762-1833). Maisha yake yana kisa kinachosimuliwa hadi leo. Alikuwa padri, na wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alifungwa gerezani Bordeaux pamoja na mapadri wengine waliongojea kuhamishwa. Humo alimwona mbawakawa mdogo sakafuni, akamtambua kuwa ni spishi adimu, Necrobia ruficollis. Habari za mbawakawa huyo ziliwafikia wapenzi wa elimu ya wadudu nje ya gereza, nao wakamwombea hadi akafunguliwa. Mwaka 1796 Latreille alichapisha kitabu kilichozipanga jenasi za wadudu katika familia, na katika maandishi yaliyofuata akazipa familia hizo majina. Sphingidae, Bombycidae na Noctuidae zinahesabiwa kuwa zake. Geometridae ilipewa jina na Mwingereza William Elford Leach mwaka 1815. Baadaye ilikubaliwa kwamba kila jina la familia ya wanyama litokane na jenasi moja iliyo kielelezo chake, na liishie kwa -idae: kutoka Noctua tukapata Noctuidae, kutoka Saturnia tukapata Saturniidae.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na msomaji wa lugha. Neno familia ni la ujamaa: linataja baba, mama, mababu na wajukuu. Lakini Latreille alipolitumia hakuwa na maana ya kwamba nondo wa familia moja wametokana na babu mmoja. Kwake familia ilikuwa jina la mfano, yaani kundi la viumbe wanaofanana kwa mambo mengi kwa pamoja. Charles Darwin ndiye aliyedai mwaka 1859 kwamba mfano huo ni ukweli, kwamba kufanana kwa viumbe ni alama ya uzao. Kwa hiyo neno lilitangulia maana yake kwa zaidi ya miaka 50.

Nasi katika Kiswahili tungeweza kuuliza kama familia ndilo neno bora. Ukoo una sifa ya kutaja uzao waziwazi. Pwani, neno mlango hutumika kwa tawi la ukoo lenye jina na babu wake, na maana hiyo inakaribia sana ile ambayo wanasayansi wameifikia sasa. Neno familia limekwisha kushika mizizi shuleni, wala hatuna haja ya kuling'oa; lakini ni vema mwanafunzi ajue kwamba, kwa maana yake ya leo, familia ya nondo ni mlango wa ukoo, wala si kikundi cha majirani.

3. Mishipa ya bawa na makabati ya makumbusho

Karne ya 19 ilijaza majumba ya makumbusho ya Ulaya vielelezo kutoka kila bara. Fungu kama Noctuae, lililotosha kwa nondo wa Ulaya, halikutosha tena. Ilibidi kutafuta sifa isiyopotea kifo kinapokuja, kwa maana nondo aliyechomwa pini hawezi kuonyesha jinsi anavyotua wala anavyokula. Sifa hiyo ilikuwa mishipa ya mabawa. Ukiyafuta magamba, au ukiyalowesha kwa kimiminiko, mishipa huonekana kama ramani ya mito. Gottlieb Herrich-Schäffer wa Ujerumani aliitumia kwa mapana katika kitabu chake cha Lepidoptera wa Ulaya kilichotoka kati ya 1843 na 1856. Mwishoni mwa karne John Henry Comstock wa Marekani alitazama namna bawa la mbele linavyoshikana na la nyuma wakati wa kuruka: wengine wana kikunjo kidogo, wengine wana mwiba unaoingia katika kishikio.

Mjini London, George Hampson alianza mwaka 1898 kutoa orodha kubwa ya nondo wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, kazi iliyoendelea hadi 1920. Katika Noctuidae aliangalia mshipa mmoja wa bawa la nyuma. Kwa nondo wengine mshipa huo ni dhaifu, kwa wengine una nguvu na hutoka karibu na jirani zake, hata mshipa mkuu huonekana una matawi manne badala ya matatu. Tofauti hiyo ndogo, isiyozidi unene wa uzi, itarudi katika habari zetu karne moja baadaye.

Mwenzake Edward Meyrick (1854-1938), mwalimu wa shule huko Marlborough, alijishughulisha na nondo wadogo kabisa. Alieleza spishi zaidi ya elfu kumi, nyingi zikitoka katika nchi za joto, Afrika ikiwemo. Ila alitegemea kioo cha mkononi na mishipa ya mabawa, wala hakutaka kuchunguza viungo vya uzazi. Baada ya kufa kwake, J. F. Gates Clarke alitumia miaka mingi kuvipasua na kuvipiga picha vielelezo vyake. Orodha yake ilitoka kwa majuzuu kati ya 1955 na 1970.

Kongo iliingia katika makabati hayo kwa njia ya ukoloni. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, lilikusanya wadudu wa koloni kwa miongo mingi. Msafara wa Herbert Lang na James Chapin, uliotumwa na Jumba la Makumbusho la Historia ya Viumbe la Marekani, lililoko New York, ulikaa Kongo kati ya 1909 na 1915, na mwaka 1920 W. J. Holland alichapisha orodha ya vipepeo na nondo waliokusanywa. Kila spishi mpya hubakiza kielelezo kimoja kilicho shahidi wa jina lake. Mashahidi wengi wa nondo wa misitu yetu wako Tervuren, London na New York. Mkongomani anayetaka kuhakikisha jina la nondo wa Ituri hana budi kutegemea picha au kupanda ndege.

4. Viungo vilivyofichika

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walianza kuacha bawa na kuingia mwilini. Mwaka 1909 Mwingereza F. N. Pierce alichapisha uchunguzi wa viungo vya uzazi vya Noctuidae wa Uingereza. Spishi mbili ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha zilionekana kuwa na viungo vya umbo tofauti kabisa. Mwaka 1925 Carl Börner wa Ujerumani alipendekeza mgawanyo mpya wa oda kwa kuwatazama majike. Ditrysia wana matundu mawili, moja la kujamiiana na lingine la kutaga. Monotrysia wana tundu moja tu. Ditrysia limethibitika kuwa kundi la kweli, nalo lina karibu asilimia 98 ya spishi zote za Lepidoptera. Monotrysia, kwa upande wake, lilikuja kuvunjika, kwa sababu kuwa na tundu moja ni hali ya kale waliyobaki nayo nondo wa milango mbalimbali. Ni kosa lile lile la Phalaena: kundi lililoundwa kwa kukosa.

Kiungo kingine kilikuwa sikio. Nondo wengi husikia, lakini hawasikii kwa kichwa. Jamii kubwa ya Noctuoidea wana masikio nyuma ya kifua. Geometridae na Pyralidae wanayo mwanzoni mwa tumbo, tena kwa muundo tofauti. Sergius Kiriakoff, aliyefanya kazi Ghent nchini Ubelgiji na kuwachunguza nondo wengi wa Afrika, alikuwa miongoni mwa waliotilia mkazo, kuanzia miaka ya 1940, kwamba sikio liwe msingi wa kupanga familia za Noctuoidea. Katika miaka ya 1950 Kenneth Roeder na Asher Treat wa Marekani walionyesha kazi ya masikio hayo: Noctuidae wana chembe mbili tu za kusikia katika kila sikio, nazo huwatosha kutambua sauti ya popo anayewinda, wakageuza njia au kujiangusha.

Tukifika hapo tunaona hatari ya njia hii pia. Kila mtaalamu alikuwa na kiungo chake: huyu mshipa, yule sikio, mwingine kiwavi. Kila kiungo kilitoa familia zake. Nani angeamua?

5. Swali linabadilishwa

Aliyetoa kanuni ya kuamua ni Willi Hennig wa Ujerumani (1913-1976), mtaalamu wa nzi. Kitabu chake cha mwaka 1950 kilisomwa na wachache. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1966 ndiyo iliyoeneza mafundisho yake. Alisema kwamba kufanana si kwa aina moja. Kuna kufanana kunakotokana na urithi wa kale sana, ambako hakuthibitishi udugu wa karibu. Kuna kufanana kulikojitokeza mara mbili kwa sababu ya mazingira yaleyale, ambako hakuthibitishi udugu wowote. Na kuna kufanana katika jambo jipya lililoanzia kwa babu mmoja, na hilo pekee ndilo ushahidi. Familia ya kweli ni ile inayojumuisha babu huyo na wazao wake wote, bila kumwacha hata mmoja nje.

Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hana haja ya kushangaa. Naye amefundishwa kwamba lugha mbili kuwa na neno kitabu au saa si dalili ya undugu, kwa maana hayo ni maneno ya kuazima. Amefundishwa pia kwamba tawi la lugha huthibitishwa kwa mabadiliko mapya waliyoshiriki wasemaji wa tawi hilo pekee.

Kanuni hiyo ilizaa matunda mara moja. Katika Amerika ya tropiki wako nondo wembamba wa usiku waitwao Hedylidae, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakihesabiwa pamoja na Geometridae. Mwaka 1986 Malcolm Scoble alitoa hoja kwamba yai lao, kiwavi wao na pupa wao wana sifa mpya walizoshiriki na vipepeo. Kwa maneno mengine, walikuwa vipepeo waliovaa vazi la nondo. Uchunguzi wa jeni umekubaliana naye kwamba mahali pao ni kati ya vipepeo.

6. Jeni, na familia zilizofutwa

Tangu mwanzo wa karne ya 21 jeni zimekuwa shahidi mkuu. Mwaka 2010 Marko Mutanen, Niklas Wahlberg na Lauri Kaila wa Ufini walichapisha mti wa ukoo wa Lepidoptera uliotokana na jeni za mamia ya spishi. Mwaka 2011 Reza Zahiri na wenzake walitoa pendekezo jipya kwa Noctuoidea, nalo ndilo lililoleta mshtuko mkubwa.

Tangu karne ya 19 watu walijua familia ya Arctiidae, nondo wenye rangi kali ambao viwavi wao wamejaa manyoya, na familia ya Lymantriidae, ambao viwavi wao huleta upele kwa mtu anayewagusa. Jeni zilionyesha kwamba familia hizo mbili zimezaliwa ndani ya kundi lililokuwa likiitwa Noctuidae, wala si kando yake. Kwa kanuni ya Hennig, huwezi kuwatoa wajukuu nje ya nyumba kwa sababu wamevaa nguo nzuri. Ikaundwa, kwa jina la zamani, familia kubwa ya Erebidae. Arctiidae na Lymantriidae wakashushwa na kuwa familia ndogo ndani yake, Arctiinae na Lymantriinae. Na mstari kati ya Erebidae na Noctuidae waliobaki ulipita, kwa sehemu kubwa, palepale Hampson alipouona mshipa wake. Alichokosa si jicho. Alikosa kanuni ya kumwambia uzito wa alichokiona.

Katika hesabu iliyotolewa mwaka 2011 na Erik van Nieukerken pamoja na wataalamu wengi, Lepidoptera ina familia 133 zilizo hai na spishi 157,424 zilizokwisha kuelezwa. Erebidae ina spishi zipatazo 24,500, Geometridae 23,000, Noctuidae 11,700. Vipepeo, ambao watu huwafikiri kuwa nusu ya oda, ni familia 7 tu, zenye spishi zaidi kidogo ya 18,000. Mti wa jeni unaonyesha pia kwamba vipepeo ni tawi moja katikati ya matawi ya nondo. Hakuna basi kundi la "nondo" na kundi la "vipepeo" yaliyo sawa kwa cheo. Hapa Kifaransa, kinachowaita wote papillon na kuongeza "wa usiku" inapohitajika, kimekaribia ukweli wa ukoo kuliko Kiswahili chenye maneno mawili. Ingawa Kiswahili nacho kimehifadhi tofauti ambayo mtu huihitaji kila siku.

Mwaka 2019 Akito Kawahara na wenzake walitumia jeni zaidi ya 2,000 kukadiria kwamba vipepeo walianza kuruka mchana miaka ipatayo milioni 98 iliyopita, na kwamba masikio ya nondo yalitokea zaidi ya mara moja, mengine kabla ya popo. Hivyo sikio lililotegemewa na wataalamu lilikuwa shahidi mzuri ndani ya ukoo mmoja, lakini shahidi wa uongo kati ya koo mbalimbali.

7. Faida yake kwetu

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mabishano ya makabati. Mifano mitatu itaonyesha vinginevyo.

Wa kwanza ni wa shamba la mahindi. Mkulima wa Afrika Mashariki huwaita bungua viwavi wote wanaotoboa bua. Kumbe Busseola fusca ni wa familia ya Noctuidae na ni mwenyeji wa Afrika. Chilo partellus ni wa Crambidae, familia iliyotengwa na Pyralidae, naye aliingia kutoka Asia katika karne ya 20. Mwaka 1993 nyigu mdogo Cotesia flavipes, anayetaga mayai ndani ya kiwavi, aliletwa Kenya kutoka Asia ili ampunguze Chilo. Alifaulu kukaa. Lakini mayai yake yakiwekwa ndani ya Busseola, mwili wa kiwavi huyo huyazingira na kuyaua. Tusikimbilie kusema kwamba familia peke yake yatosha: Sesamia calamistis naye ni Noctuidae, lakini nyigu huyo hukua ndani yake. Familia hutuonyesha njia ya kuanzia. Spishi ndiyo huamua. Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, walipotokea Afrika mwaka 2016, kutambua upesi spishi na jenasi yao kulifungua mlango wa maarifa yaliyokwisha kukusanywa Amerika kwa miongo mingi.

Mfano wa pili ni wa sokoni. Viwavi waliwao Katanga, na wale waitwao mbinzo kwa Kilingala, wengi ni wa familia ya Saturniidae, ambayo waandishi kadhaa wa Kifaransa waliiita Attacidae. Mwanafunzi akutanaye na majina hayo mawili asidhani ni familia mbili. Mwaka 1980 François Malaisse na G. Parent walichapisha uchunguzi wa viwavi waliwao katika kusini ya Shaba, yaani Katanga. Katika spishi 23 zilizopimwa, protini ilikuwa kwa wastani zaidi ya asilimia 60 ya uzito mkavu. Sifa ya familia inatusaidia kuelewa wingi huo: Saturniidae wakubwa hawali kabisa, kwa kuwa mdomo wao umedhoofika, hivyo akiba yote ya kuruka, kujamiiana na kutaga huwekwa na kiwavi.

Wa tatu ni wa tahadhari. Viwavi wa Anaphe, ambao huishi pamoja ndani ya kiota cha hariri, ni wa familia nyingine, Notodontidae. Nchini Nigeria wachunguzi walihusisha spishi Anaphe venata na ugonjwa wa kupepesuka unaowapata kwa msimu watu wenye lishe duni, kwa sababu kiwavi huyo ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kusema tu "viwavi ni chakula bora" bila kutaja ni viwavi gani ni kusema nusu ya neno.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya familia za nondo ni historia ya swali zaidi kuliko ya majibu. Linnaeus aliuliza: nondo huyu anafanana na nani? Hennig na waliomfuata wanauliza: anatokana na nani? Kati ya maswali hayo mawili, mshipa, sikio na viungo vya uzazi havikutupwa. Kila kimoja kilipimwa upya na kupewa nafasi yake. Wala si haki kuwacheka wa kale, kwa kuwa mwanasayansi wa leo bado anatumia majina yao saba.

Sehemu moja ya kazi hiyo inatungoja sisi. Wakusanyaji wa viwavi katika miombo na misitu yetu wana majina yao, wanajua mti unaoliwa, mwezi wa kushuka kwa kiwavi na namna ya kumtayarisha. Ni elimu ileile aliyoipenda Merian, kiwavi pamoja na mmea wake. Jina la mahali likiandikwa pamoja na kielelezo kilichohifadhiwa hapa nchini, na tarehe, na mti, linakuwa ushahidi ambao hakuna jeni linaloweza kuutoa peke yake. Idara za lugha na idara za biolojia katika vyuo vyetu zinaweza kuifanya kazi hiyo bega kwa bega. Kumwita mdudu kiwavi au mbinzo hakumbadilishi ukoo wake. Lakini bila jina hatuwezi hata kuanza kuuliza ukoo huo ni upi.